Fremu ya chuma, mianzi au ua wa miti: uchague kipi kusitiri uwanja wako?

Jirani akishapandisha ghorofa, uani kwako hakuna siri tena. Dirisha lake la jikoni linatazama kamba yako ya nguo, na watoto wake wanajua umepika nini kabla wenye nyumba hawajapakuliwa. Ukuta wa tofali ulionao unaishia kichwani. Kuuinua ni gharama ya msingi na nguzo mpya, na kama nyumba ni ya kupanga, hata msumari unauombea ruhusa. Hapo ndipo wengi huanza kuulizia vitu vitatu: fremu ya chuma inayosimama yenyewe na kupandishwa mmea, uzio wa mianzi, au ua wa miti hai.

Nimevipima vyote kwa mizani moja, nikiwafikiria zaidi wakazi wa mwambao: Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa. Walio Arusha au Nairobi chumvi ya bahari haiwasumbui, lakini mengine mengi tunashirikiana.

Vigezo kwanza

Kabla ya kumpigia fundi simu, jiulize unajisitiri dhidi ya nani. Macho ya mpita njia yako kama mita moja na nusu kutoka ardhini, kwa hiyo kizuizi cha mita 1.8 popote mpakani kinamtosha. Dirisha la ghorofa lina hesabu yake. Tuseme macho ya anayechungulia yako mita 4.5 juu ya ardhi, umbali wa mita 10 kutoka kiti chako, na wewe ukikaa kichwa chako kinafika mita 1.2. Kizuizi kikiwa mpakani, mita 5 kutoka ulipo, kitahitaji kimo cha karibu mita 2.9. Kisogeze hadi mita moja na nusu kutoka kwenye kiti, na kimo cha mita 1.7 kinatosha. Hesabu hii watu wengi huiruka. Wanamwaga fedha mpakani, kumbe pazia lilitakiwa kukaa karibu na kiti.

Kigezo cha pili ni upepo. Kusi ya katikati ya mwaka haina mzaha, na kizuizi chochote kilichojaa majani ni tanga. Cha tatu ni adui wa kila siku: chuma kina kutu, mianzi ina mchwa, miti ina ukame. Cha nne ni mmea unaoutaka, maana si kila mmea unapanda kila kitu. Cha tano ni mfuko, wa siku ya kwanza na wa miaka inayofuata. Cha mwisho, ambacho mpangaji angekiweka cha kwanza: siku ya kuhama, kinakuja nawe au kinabaki kwa mwenye nyumba?

Fremu ya chuma inayosimama yenyewe

Ni fremu ya bomba la mraba la inchi moja, katikati ina nondo nyembamba au wavu, chini ina miguu mipana. Haiegemei ukuta wala haichimbiwi. Fundi yeyote anayechomelea mageti na grili za madirisha anaiweza. Mabomba haya huuzwa kwa urefu wa takriban mita 6, na mzunguko wa fremu ya mita 1.2 kwa 1.8 ni mita 6 kamili: bomba moja, fremu moja. Bomba jingine moja linatoa miguu na vishikizo vya mshazari kwa fremu mbili. Ukienda na hesabu hiyo mkononi, ni vigumu kuuziwa mabomba manne kwa kazi ya matatu.

*Stara.* Chuma chenyewe hakisitiri kitu. Siku fundi anapoileta, mtaonana na jirani vizuri kama jana. Ni majani ndiyo yatakayokuficha, na majani yana muda wake. Dodoki likipandwa mwanzoni mwa mvua linaweza kuijaza fremu ndani ya miezi miwili au mitatu. Pasheni huchukua sehemu kubwa ya mwaka. Bogenvilia huchukua zaidi, na haitambai yenyewe: unaifunga tawi kwa tawi. Ukitaka stara ya leo leo, funga mkeka au wavu wa kivuli huku ukisubiri. Faida kubwa ya fremu ni kwamba unaiweka pale pale penye shida, kando ya kiti, mbele ya mlango wa bafu la nje, au kati ya kamba ya nguo na lile dirisha.

*Upepo.* Hapa ndipo fremu hizi huangukia watu, na sababu karibu siku zote ni miguu. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, husukuma kila mita ya mraba ya kizuizi kilichozibwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14. Fremu yetu ina mita za mraba zipatazo 2.2, kwa hiyo inapokea msukumo wa kama kilo 30, na unaipiga katikati ya kimo chake. Kama miguu ina upana wa sentimita 60, yaani 30 mbele na 30 nyuma, utahitaji uzito wa karibu kilo 90 chini ili isilale. Panua miguu ifike sentimita 120, na kilo 45 zinatosha. Ongeza robo kwa usalama, hasa kama umefunga mkeka, maana mkeka hauachii upepo kama majani yanavyouachia.

Uzito huo si lazima uununue. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina uzito wa karibu kilo 48. Lakini ninalolipenda zaidi ni pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Kila nusu ni kihori cha kupandia, na kikijaa udongo wenye unyevu kinapita kilo 100. Miguu ya fremu ipite chini ya kihori, isizame ndani ya udongo, kwa sababu pale udongo mbichi unapokutana na hewa ndipo chuma huliwa kwanza. Toboa matundu ya kutolea maji, na usiweke besini chini yake. Maji yaliyotuama kwenye visahani vya maua ni mazalia ya mbu wa dengi, na Dar es Salaam ilishaonja ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

*Adui.* Ni kutu, na ufukweni kutu haina subira. Rangi nzuri juu ya chuma kichafu ni kupoteza rangi, kwa hiyo msisitizie fundi asugue kwa brashi ya waya, apake rangi ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Ncha za bomba zizibwe kwa kuchomelewa. Bomba lililo wazi hunywa mvua na kuoza kutoka ndani, na wewe nje unaona rangi inang'aa. Ukichagua bomba lenye zinki, kumbuka kwamba moto wa kuchomelea huiunguza zinki palepale penye kiungo, kwa hiyo viungo vyote vipakwe rangi yenye zinki baadaye. Moshi wake ni mbaya kwa kifua cha fundi, naye aifanyie kazi hiyo nje penye upepo.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi: fremu ikishakumbatiwa na mmea wa kudumu, huwezi kuipaka rangi tena. Bogenvilia ya miaka mitatu huwezi kuifungua. Dodoki, kwa upande wake, hukauka baada ya kuzaa, unalivuta lote, unabaki na chuma kitupu na wiki moja ya kukikwangua na kukipaka. Kwa hiyo bomba la kawaida lililopakwa rangi linafaa mimea ya msimu. Mimea ya kudumu ipewe chuma chenye zinki tangu mwanzo.

Adui wa pili ana miguu miwili. Chuma kinachosimama chenyewe karibu na geti ni fedha kwa wauza vyuma chakavu. Kenya ilifika hatua ya kuisimamisha biashara hiyo kwa muda mwaka 2022 kwa sababu ya wizi wa miundombinu, sembuse fremu yako ya maua. Ifunge kwa mnyororo, au iache uani.

*Mmea.* Pasheni hupanda kwa vikono vyembamba, na vikono hivyo haviwezi kulizunguka bomba la inchi. Vipe nondo ya milimita 6 au waya wa kukazwa, kila sentimita 15 au 20. Kwa mwambao chagua pasheni ya njano. Ile ya zambarau hupenda ubaridi wa milimani. Na usipande shina moja. Ya njano kwa kawaida haijichavushi kwa chavua yake, inataka mwenzake aliyeota kutoka mbegu nyingine, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wanaoifanya kazi hiyo. Penye kivuli na unyevu, kama ua wa nyumba ya zamani wa Unguja, mtambuu hukaa vizuri na unapata majani ya kuuza. Asumini nayo inapanda, na usiku inalipa fadhila. Kweme usijaribu: mashina yake hufika mita 30 na tunda moja linaweza kupita kilo 10, hilo ni jambo la mti mkubwa. Jua la saa nane hukichoma chuma hadi vichipukizi vichanga vikasinyaa, kwa hiyo rangi nyeupe au kijivu hafifu ni bora kuliko ile nyeusi ambayo mafundi huipenda.

*Mfuko.* Siku ya kwanza ni ghali kuliko mianzi kwa kila mita. Baadaye ni rangi na maji tu. Lakini mmea wa kwenye kihori hautafuti maji mbali. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, utaumwagilia kila siku.

*Kuhama.* Unamwaga udongo, unapakia kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, unaondoka. Mwenye nyumba hana la kudai.

Uzio wa mianzi

*Stara.* Hapa mianzi inashinda mbio. Fito zikifungwa kwa kubanana, jioni ya siku ile ile umeshafichika, mmea au pasipo mmea. Ukitaka mita kumi za stara kabla ya shughuli ya Jumamosi, hakuna kingine.

*Upepo.* Mianzi hupinda na kurudi, lakini uzio uliobanwa ni ukuta. Unahitaji nguzo zilizochimbiwa, nusu mita au zaidi, kila baada ya mita mbili. Mianzi iliyoegemezwa tu kwenye ukuta kwa kamba huanguka na kusi ya kwanza.

*Adui.* Mchwa chini, na juu vile vidudu vinavyotoboa vijitundu na kumwaga unga mweupe. Mwanzi mbichi uliochomekwa moja kwa moja kwenye udongo wa pwani usiutegemee kupita miaka miwili mitatu. Maisha yake huongezeka ukitimiza mambo matatu: mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu kwenda juu; uliokatwa kiangazi wakati wanga umepungua ndani yake; na uliolowekwa kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki. Zaidi ya hayo, miguu yake ikae juu ya jiwe au kwenye kikombe cha zege, isiguse udongo. Nguzo za mikoko hudumu kuliko mianzi, lakini misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria, kwa hiyo usinunue boriti ambazo muuzaji hawezi kueleza zimetoka wapi. Jihadhari pia na moto: uzio mkavu na jiko la mkaa havikai pamoja.

*Mmea.* Mimea huupenda mwanzi. Hauchomi kwenye jua, vikono vinaushika. Tatizo ni umri. Ukipandisha bogenvilia, itakuwa inaanza kupendeza wakati uzio unaanza kuoza, na siku uzio unalala, unalala na bogenvilia juu yake. Dodoki, fiwi na ngwara zinafaa zaidi. Nyuki weusi niliowataja hapo juu hupenda kutaga ndani ya mianzi mikavu, kwa hiyo mwenye pasheni asiwafukuze.

*Mfuko.* Nyanda za Juu Kusini, ambako mianzi ni mali ya nyumbani, ni rahisi mno. Ikifika pwani umeshalipia lori. Piga hesabu ya kuununua mara mbili au tatu katika muda ambao fremu ya chuma bado imesimama, kisha ulinganishe.

*Kuhama.* Fito unaweza kuzing'oa, lakini nusu zitakuwa zimepasuka. Wengi huacha.

Ua wa miti hai

*Stara.* Ni ya polepole na ni kubwa. Michongoma, au kayaba kama wanavyoiita Nairobi, huchukua miaka miwili mitatu ya kukatwa na kuzibwa mapengo kabla haijakusitiri kikamilifu. Ikishajaa, inasitiri mpaka mzima kwa gharama ambayo chuma hakiwezi kuikaribia. Kwa ghorofa, wengi hupanda miashoki kwa mstari: inapanda juu bila kutanuka, na hufika kimo ambacho fremu haitafika. Ubaya wake ni kwamba ikinyimwa jua chini inabaki mashina matupu, na mpita njia anachungulia katikati.

*Upepo.* Ni bora kuliko vyote viwili. Miti inauchuja upepo badala ya kupigana nao, na mboga zilizo nyuma yake zinakushukuru.

*Adui.* Mwaka wa kwanza ni ukame na mbuzi. Baada ya hapo adui ni uvivu wa mwenyewe. Ua usiokatwa kila baada ya miezi michache hugeuka msitu, hutanukia barabarani, na mizizi huvuka mpaka. Ugomvi wa mpaka huanza hivyo hivyo, kwa hiyo panda angalau nusu mita ndani ya kiwanja chako na umwambie jirani mapema. Minyaa huota kwa kuchomeka kijiti tu na haidai maji, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Penye watoto wadogo mimi singeipanda.

*Mmea.* Ua ndio mmea. Usiupandishie kitu kizito juu. Utaukosesha mwanga nao utakufa kwa vipande.

*Mfuko.* Miche ni rahisi, maji ya mwaka wa kwanza si rahisi, na kuna ujira wa mkata ua miaka yote. Unalipa pia kwa ardhi: ua mzuri unakula karibu mita moja ya upana. Kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, ukizungusha pande zote nne, umetoa zaidi ya mita za mraba 60. Kuna faida moja ambayo wengine hawana: miiba ya michongoma ni ulinzi, na mwizi anaiheshimu kuliko mbwa asiyebweka.

*Kuhama.* Hauondoki. Umempandia mwenye nyumba.

Kwa hali yako

Kama umepanga na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, sioni sababu ya kupanda ua wala kuchimbia nguzo. Fremu mbili za chuma zenye vihori, zikiwekwa karibu na mahali mnapokaa, zinatosha. Panda dodoki mwanzoni mwa masika au vuli. Ndani ya msimu huo huo umesitirika, na ukihama unaondoka nazo.

Kama ni nyumba yako na tatizo ni barabara ndefu upande mmoja, chimba mtaro wa michongoma mwanzoni mwa masika, halafu weka mianzi mbele yake kwa upande wako. Mianzi itakusitiri miaka ile miwili mitatu ambayo ua unakua, na inapoanza kuoza haihitajiki tena. Chuma cha urefu wote huo ni fedha iliyokaa bure.

Tatizo likiwa ni ghorofa la jirani na uani kwako ni padogo, rudi kwenye ile hesabu ya vigezo. Kaa kwenye kiti chako, mtu asimame na kijiti mita moja na nusu mbele yako kuelekea dirisha lile, akipandishe mpaka dirisha lipotee. Kimo hicho ndicho utakachompa fundi. Kikizidi mita 2, fremu inaanza kudai miguu mipana kuliko nafasi uliyonayo. Hapo fikiria miashoki mpakani, au geuza kiti.

Anayekaa mita mia chache kutoka baharini na hataki kazi ya rangi kila mwaka asichukue bomba la kawaida hata likiuzwa nusu bei. Ni zinki au ni miti. Yule aliye Mbeya au Njombe, mianzi ipo nyuma ya nyumba, na pasheni ya zambarau inakubali ubaridi wa huko; kwake chuma ni anasa, isipokuwa kama anataka kitu cha kuhamisha hamisha.

Na kama kuna mgonjwa au mzazi ndani ambaye anahitaji kukaa nje kwa stara wiki hii, usisubiri mmea wowote. Fito za mianzi au mkeka juu ya fremu, ndoo za zege miguuni, leo. Mbegu za dodoki ziwekwe kwenye kihori siku hiyo hiyo, na mkeka uutoe majani yatakapofika juu.